Gauni la Mikono ya Kushoto

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika watu. Fundi alikuwa akitoka mbiombio, marobota begani, simu mbili masikioni, tepu ya kupimia shingoni. Tepu ikanasa kwenye mkoba wa dada mmoja wa blauzi ya njano, aliyenukia vanila.

"Kaka, mbona unanipima bila idhini?"

Fundi akakata simu zote mbili. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Dada yule alipika keki, na keki tu. Fundi alishona magauni, makoti, mapazia, hata viti vya magari. Kibao chake kilisema: TUNASHONA CHOCHOTE. Fundi akambandika dada jina la Vanila, naye akabandikwa la Bwana Chochote. Mapenzi yakakolea, ila ya kuibia katikati ya simu.

"Unanisikiliza, mpenzi?"

"Nakusikiliza, roho yangu... Haloo? Ndiyo mzee, suruali iko tayari!"

Vanila alipokaribia kufungua duka lake mwenyewe, aliomba kitu kimoja: gauni la kukatia keki mbele ya wageni.

"Litawahi," Fundi alisema. "Kwani mimi nani?"

Likawahi kweli, la zambarau, linang'aa. Vanila akalivaa, akashika kisu, mkono wa kulia ukagoma kupanda. Akalazimisha. Mshono ukalia *krraa!* Bwana Chochote alikuwa amekata kitambaa huku anaongea na simu, akasahau kukigeuza. Mikono yote miwili ya gauni ilikuwa ya kushoto.

Wageni wakacheka. Vanila alifungua duka lake kwa aproni, kisha akapiga simu.

"Mkono wa kulia ndio unaonilisha. Na ndio uliousahau."

"Vanila wangu, nilikuwa na kazi nyingi..."

"Najua. Na mimi ni mojawapo."

Akakata.

Shangazi aliyemfundisha Fundi kushona alimkuta kainamia cherehani, hashoni. Akalitazama rundo la vitambaa vya watu.

"We mtoto, kipi hapa unakipenda?"

Fundi akaokota gauni lililoshonwa nusu.

"Basi hivyo vingine vinafanya nini humu?"

Akarudisha mapazia, akarudisha suruali. Wateja wakafoka, akavumilia. Akapanda ngazi, akafuta kibao, akaandika: MAGAUNI TU. Simu moja akauza, nyingine akaizima, ndipo akashika mkasi. Alianza na mkono wa kulia.

Jumamosi mchana, duka la keki likiwa limejaa, akaingia na gauni mkononi.

"Sina nafasi," Vanila alisema.

"Livae tu. Ukikwama, naondoka na sirudi."

Vanila akaenda nyuma, akatoka amelivaa. Mkono wa kulia ukapanda, ukapanda, mpaka ukaigusa keki ya rafu ya juu kabisa. Duka zima likapiga makofi.

"Simu zako ziko wapi, Bwana Chochote?"

"Imebaki moja, na imezimwa. Jina hilo nalo nimelifuta, kasome kibao."

Akavua tepu shingoni, akamshika mkono.

"Sasa unapima nini tena, jamani?"

"Kidole cha pete. Safari hii naomba idhini."

Vanila akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanyoosha kidole.

"Pima, mpenzi. Ni cha kushoto, na huko hujawahi kukosea."