Pingu za Muuza Bizari

"Mgeni ameshakaa mezani?"

"Bado, Shangazi. Ananusa tu."

"Akikaa, usimwache anyanyuke."

Sauti ikakatika sikioni.

Aliyeuliza ni mkuu wa idara. Shangazi lilikuwa jina lake la kazini, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja. Aliyejibu ni Nyembe. Jina hilo alijipa mwenyewe. Ofisini walimwita hivyo akiwepo.

Saa tano na robo asubuhi. Soko kuu la vyakula lilikuwa limefurika.

Nyembe alikuwa amevaa kitalii: kofia ya majani, shati la maua, kaptura, ndala za ngozi. Kifuani kamera ya Canon, ndani yake redio; sikioni kidude cha kusikilizia. Kiunoni Beretta, imefichwa na maua. Magoti yake, ambayo hayakuwa yameona jua tangu darasa la saba, ndiyo tu yaliyomuumbua kidogo.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Majasusi wa nchi ya nje walitaka kuliua soko lile. Chupa ya sumu ingeachwa meza namba arobaini. Mwenzao angeichukua na kuimimina kwenye sanduku kuu la barafu. Saa sita kamili barafu hiyo hugawiwa soko zima: kwenye samaki, kwenye nyama, kwenye glasi za juisi za watoto wa watu.

Shangazi hakutaka chupa tu. Alimtaka na aliyeishika: huyo ndiye mgeni.

Nyembe akatembea kama msafiri. Alionja zeituni. Alionja kitu cha kukaanga ambacho mpaka leo hajui jina lake. Kila meza ilikuwa na lugha yake, na penye lugha mbili walielewana kwa vidole. Kwa mama wa jibini alisemeshwa maneno asiyoyajua, naye akajibu kwa kuinua dole gumba na kumega kipande kingine.

"Baba, hiyo ni mara ya tatu," mama wa jibini akasema, kwa lugha ambayo Nyembe aliijua vizuri kabisa. "Tumbo lako halina mwenyewe?"

Akasogea haraka.

Meza arobaini ilikuwa jirani tu. Picha aliyopewa ilionyesha mwenye meza: mama mnene, kilemba cha kijani, muuza achari.

Mama huyo hakuwepo.

Nyuma ya meza alisimama mzee mwembamba, vidole vya njano mpaka kwenye kucha. Alikuwa akifungua droo kwa ufunguo. Kisha akainama, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akampa mwanamume mrefu mwenye miwani myeusi.

Nyembe akabonyeza kamera.

"Shangazi, mwenye meza hayupo. Kuna mtu mwingine. Ana ufunguo wa droo. Anatoa mzigo."

"Huyo ndiye. Mchukue."

Akaruka.

Ulikuwa mruko mzuri, wa kufundishia. Meza ya pembeni, yenye vilima vya bizari, ilipinduka. Vumbi la njano likapanda mpaka kwenye feni za darini. Watu wakapiga chafya. Mzee akaenda chini kifudifudi, goti la Nyembe mgongoni, pingu zikalia kacha!

"Usitikisike!"

"Kijana, subiri kidogo..."

"Nyamaza!"

"Mwanangu, yule pale, mwenye mabuti..."

"Nimesema nyamaza!"



Nyembe akamnyang'anya yule mrefu mzigo, akachana gazeti. Chupa ya kioo. Akafungua kifuniko kwa uangalifu, akanusa, akachovya ncha ya kidole, akalamba.

Achari ya ndimu.

Ilikuwa tamu sana. Hapo ndipo alipoanza kuogopa.

"Naweza kuondoka nayo sasa?" yule mrefu akauliza. "Nina wakwe nyumbani."

"Mwenye meza yuko wapi?" Nyembe akafoka.

"Msalani," akajibu mama wa jibini. "Wewe huwa huendi? Hapa mtu akitoka, jirani anamshikia meza. Anamuuzia, anamfungulia droo. Huyu ni muuza bizari, hiyo uliyoipindua ndiyo meza yake. Sasa wewe mgeni, hata kuuliza tu, ungepungukiwa na nini?"

Nyembe alikuwa amesoma ramani ya soko lile wiki mbili. Alijua kila mlango. Hilo la kushikiana meza halikuwa kwenye ramani.

Mama wa achari akatokea, anakausha mikono kwenye kanga. Akaona droo wazi. Akaona pingu.

"Ana nini?"

"Wamemkuta anaiba kwenye droo yako," akasema mtu wa nyuma. Kuna watu wa nyuma kila mahali.

Mama akasimama. Akainama taratibu, akauchomoa ufunguo kwenye kidole cha mzee, kidole cha mikono iliyofungwa mgongoni.

"Miaka ishirini na miwili, mzee wangu," akasema.

Basi. Akageuza uso.

 Mdomo wa mzee ulikuwa umejaa bizari yake mwenyewe.

Nyembe akamgeukia mama wa achari.

"Kulikuwa na chupa nyingine hapa," akamwambia mama. "Mtu ameacha chupa?"

"Ya siki. Kaiacha mteja asubuhi, akasema kuna mwenzake ataipitia. Iko hapo chini." Mama akachungulia. "Ilikuwa hapo chini."

Saa ya Casio ilisema saa tano na dakika arobaini na nne.

Nyembe akapiga magoti, yale magoti yake ya darasa la saba, juu ya bizari. Akafungua pingu.

"Mzee, ulikuwa unataka kuniambia nini?"

"Si uliniambia ninyamaze?"

"Nilikosea."

"Sema kwa sauti. Sikio hili limelaliwa na sakafu."

"Nilikosea, mzee wangu. Watu watakufa."

Mzee akatema njano pembeni.

"Uliponilaza nikawa usawa wa miguu ya watu. Kuna mmoja kapita amevaa kama mbeba barafu, koti jeupe, kofia mpaka machoni. Kaichukua ile chupa watu wote wakinitazama mimi. Mabuti yake yalikuwa makavu. Makavu kabisa! Mbeba barafu gani ana mabuti makavu saa hizi?"

Nyembe alishaondoka.

Chumba cha barafu. Mvuke mweupe. Wabeba barafu kumi na wanane, makoti yaleyale, kofia zilezile. Akipiga kelele, mwenye chupa angeimwaga hapohapo. Akashusha macho.

Maji. Maji. Matope. Maji.

Makavu.

Mtu yule alikuwa amesimama juu ya ngazi ya sanduku kuu, kidole kwenye kizibo. Nyembe akachomoa Beretta, ndala zikateleza, bastola ikamtoka na kwenda zake chini ya mashine. Akabaki na kamera. Akaizungusha kwa mkanda wake, akaiachia. Canon ikatua katikati ya paji la uso. Mtu akaporomoka kwenye ngazi. Chupa ikaruka.

Nyembe akaidaka kwa kofia ya majani.

Kizibo kilikuwa bado kimefungwa. Pingu zikapata mkono uliostahili.

Saa tano na dakika hamsini na nane akaiokota kamera, akaibonyeza.

"Shangazi. Mgeni amekaa."

"Safi sana. Kikosi kinaingia kumchukua. Wewe toka."

"Na yule mzee?"

"Mzee gani? Sisi hatupo, Nyembe. Mtu asiyekuwepo haombi radhi. Toka."

Akaelekea langoni. Njia ilimpitisha meza arobaini.

Mzee alikuwa anakusanya bizari kwa kadibodi, peke yake. Hakukuwa na mteja. Mama wa achari alijifanya anapanga chupa. Upande wa pili muuza mayai alitaka kutoka kidogo. Akatazama kwa mzee, akasita, kisha akamwita mtu wa meza ya sita kutoka pale aje amshikie.

Mzee aliona. Akazidi kuinama.

Nyembe alifika langoni. Barabara ile pale. Akasimama.

Kisha akarudi, akaingia kibanda cha matangazo.

"Gari lako namba gani?" dada wa kipaza sauti akauliza bila kuinua macho.

"Sina gari. Nina aibu."

Dada akainua macho. Akaona magoti ya njano. Akasogeza kiti.

"Wapendwa wa sokoni," sauti ya Nyembe ikatoka kwenye spika zote. "Mimi ndiye wa kofia ya majani. Ni mtu wa usalama." Sikioni Shangazi akapiga yowe, Nyembe akakichomoa kile kidude, akakiweka mezani, kikaendelea kufoka peke yake. "Mzee wa bizari si mwizi. Alikuwa anamshikia jirani meza, na mimi sikujua kama watu hushikiana meza. Kazini kwetu hatushikiani hata kalamu. Nilimlaza chini bila kuuliza. Akataka kunisaidia, nikamnyamazisha. Leo mko hai kwa macho yake. Nisamehe, mzee wangu."

Akanyanyuka.

"Kaa," dada akasema. "Wengine hawajaelewa."

Akavuta kipaza sauti, akayarudia yote kwa lugha ya wauza jibini. Upande wa jibini ukacheka. Akayarudia kwa lugha ya wauza samaki. Samaki wakacheka zaidi. Akayarudia kwa lugha ya wauza mikate, na hapo akaongeza mambo yake, maana maelezo yalikuwa marefu na aliyanyooshea kidole magoti ya Nyembe. Nyembe alikaa. Kila lugha ilimvua nguo upya.

Alipotoka, watu walimpisha.

"Pita, baba usalama."

"Karibu uonje!"

Mzee hakumtazama. Alikuwa akimtazama mama wa achari, ambaye alisimama mbele yake, kilemba mkono mmoja, mkono wa pili akimnyooshea ule ufunguo wa droo.

Nyembe aliona hayo si yake kuyatazama. Akavaa miwani ya jua, akatoka langoni kwa mwendo wa taratibu, mikono mifukoni, kama alivyofundishwa. Masikio tu ndiyo yaliyokataa amri. Yalimwaka moto mpaka kituo cha basi.