Taa ya Matumbawe

Walianza samaki. Asubuhi moja Hilda alipofungua mapazia ya sebuleni, aliwakuta wote wamejibana kwenye kona moja ya tangi la kioo, kama wanafunzi wanaosubiri viboko. Aliwatupia chakula, hakuna aliyesogea. Hilda akaenda zake jikoni, kwa sababu tangi lile halikuwa lake, lilikuwa wazimu wa mumewe.

Na wazimu ndilo jina lake hasa. Gaudence alikulia Tanga, wizara yake ikahamia Dodoma naye akahama nayo, wakapanga nyumba Area D. Huku maji ya bomba yenyewe yanakuja kwa mgawo, yeye akaamua kufuga bahari sebuleni: maji ya chumvi, samaki wa rangi, na jiwe la matumbawe hai alilolichomoa kwao mwenyewe siku maji yalipokupwa, bila kuomba. Bibi yake alimfundisha tangu utotoni kwamba jiwe la bahari lina wenyewe, na hulichukui bila kupiga hodi. Lakini Gaudence siku hizi ni bwana mkubwa wa ofisini, hodi ampigie nani?

Kilichomsumbua ni taa. Alianza na tyubu nyeupe ya kawaida, matumbawe yakafifia na kujikunja mpaka yakafanana na ugali uliolala. Mudrick, muuza samaki wa mapambo pale Majengo, akamweleza kwamba matumbawe hula mwanga, na mwanga yanaoutaka ni wa buluu, ule unaofika chini kwenye kina, ila auongeze taratibu. Gaudence na subira wapi na wapi. Alinunua taa ya buluu akaiwasha yote kwa mpigo, matumbawe yakachanua jioni ileile, naye akashangilia kama mtoto. Samaki walikimbilia kona usiku uleule.

Tangu hapo, kila magharibi taa ilipowaka, nyumba ilijaa shombo, sakafu chini ya tangi ikawa na umajimaji usiokauka hata kwa jua la Dodoma, na Hilda alisikia kioo kikigongwa kutoka ndani, polepole, kama mtu mwenye adabu anayesubiri kukaribishwa. Alimwambia mumewe. Mumewe akasema ni pampu. Hilda alikuwa na mimba ya kwanza, waliyoisubiri miaka mingi ya ndoa wakisemwa na kila ndugu, basi hakutaka kujitia hofu.

Ndipo akaja mama yake, Raheli, kutoka Mlali. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, hata sura ya mwanawe aliiona kwa ukungu. Hospitali walikuwa wamempangia siku ya kumtoa, na mama wa watu alikuwa anakiogopa kisu kuliko kifo. Mgogo huyu Kiswahili alikisoma kanisani na sokoni, alikisema vizuri tu, lakini alikuwa wa maneno machache. Jioni Gaudence alikaa barazani, kwa adabu ya ukwe, na Hilda alikuwa jikoni, hivyo sebule ilibaki ya Raheli peke yake na ule mwanga wa buluu, ambao alisema unampoza macho.

Siku moja asubuhi Raheli alitoka chumbani akitembea bila kupapasa. Alichukua sindano, akatunga uzi mara moja tu, akacheka mpaka machozi. Hilda alimkumbatia, akamuuliza imekuwaje.

Raheli alisimulia kwa furaha. Jana magharibi mtu aligonga, naye akajibu karibu, kama inavyompasa mtu aliyelelewa. Akaingia mwanamke wa nguo za buluu, akadhani ni nesi wa hospitali, maana manesi kule huvaa hivyo. Mwanamke alimpa shikamoo, akamwinamia, akamuuliza kwa upole: huyo mtoto, mama, bado mnamhitaji?

"Nikamwambia wa nini, mchukue," alisema Raheli. "Amenitesa vya kutosha."

"Mchukue nani, mama?"

"Si mtoto. Mtoto wa jicho."

Hilda alishika tumbo. Alikumbuka kwamba tangu jana jioni hakuwa amepigwa teke hata moja. Alikaa chini palepale sakafuni, na mama yake alipomwona uso, naye sasa aliuona vizuri kabisa, akaelewa alichokuwa amekisema, na kwamba yule hakuwa nesi. Mdomo huponza kichwa, ila huu uliponza kichwa kisichozaliwa bado.

Kliniki walisikia moyo wa mtoto, lakini kwa mbali, wakasema arudi upesi ukizidi kufifia. Gaudence alilia mbele ya mkewe, akamweleza lile jiwe alivyolichukua. Alitaka kulivunja tangi kwa nyundo. Kisha akakumbuka maneno ya bibi yake, kwamba neno ulilompa jini hulirudisha kwa mdomo uleule, palepale ulipolitoa, la sivyo anaondoka nacho alichopewa. Raheli alisema atakwenda. Alisema yuko tayari kurudi kipofu, macho yameshaona ya kutosha.

Magharibi Gaudence aliwasha taa akatoka, na Raheli akabaki katika ule mwanga uliopanda ukutani, ukafunika viti na picha ya harusi na msalaba mpaka sebule nzima ikawa kama iko chini ya maji, shombo likamkaba koo, matumbawe yakawa yanafunguka na kufumba ingawa pampu ilikuwa imezimwa, na kioo kikagongwa, polepole, na safari hii hakujibu karibu, lakini mwanamke wa buluu alikuwa ameshakaa kiti cha pili, nguo zikichuruzika, kwa sababu aliyekwisha kukaribishwa hasubiri tena kuitikiwa.

"Nirudishie mtoto," alisema Raheli.

"Mtoto tu, mama?"

"Mtoto tu. Sitaki kingine."

"Haya. Nimekusikia."

Chumbani Hilda alipiga kelele. Mtoto alikuwa amerusha teke, la pili, la tatu, na Gaudence aliweka mkono akalia upya. Sebuleni samaki walitawanyika tangi zima. Kesho yake Gaudence alilipeleka jiwe Tanga, akalirudisha majini akiomba radhi kwa sauti, na tangi akalimwaga.

Raheli aliamka akisubiri giza. Halikuja. Aliona dari, aliona mikono yake, akapiga magoti kushukuru, akasema Mungu ni mwema, amewapa vyote viwili.

Hilda alijifungua salama, mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Wakamwita Edina. Daktari alimpima kila mahali, mwisho akawasha kurunzi akaielekeza machoni. Mtoto hakupepesa. Raheli alikuwa amesimama karibu, na yeye ndiye aliyeona wa kwanza, maana sasa aliona kuliko wote: katikati ya kila jicho palikuwa na utando mweupe, ulioingia ubuluu kidogo.

"Ana mtoto wa jicho," alisema daktari. "Yote mawili. Amezaliwa naye."

Raheli alishika ukingo wa kitanda.

"Nilisema mtoto," alimnong'oneza Hilda. "Sikusema yupi."