Neno Alilolibakiza Ariane

Kila asubuhi katika chumba chao cha Troyeville, Ariane ndiye aliyejaza chai kwenye chupa ya baba yake. Mama yake, Pascasie, huwa ameshatoka kwenda saluni anakosuka nywele. Baba yake, Méthode, alifunga mwiko na pimamaji kwenye gunia, akavaa kofia, akasema, "Haya Ari, tukajenge Johannesburg."

Hakuwa anatania. Katika mji huu kuna shule, maduka na nyumba za ghorofa ambazo kona zake alizinyanyua yeye. Alifika kutoka Burundi akiwa kijana. Mwaka ule wageni walipofukuzwa mitaani, zana zake zilichomwa moto pamoja na godoro lake. Baada ya muda mfupi aliitwa kujenga upya ukuta uliobomolewa katika vurugu zilezile, akaujenga. Hakuna aliyemwuliza cheti siku hiyo.

Sasa waliuliza. Kampuni ilitangaza kwamba majira ya baridi yakiisha, asiye na cheti cha uashi hatashika mwiko tena. Atasukuma toroli na kukoroga saruji, na atalipwa kama saidia fundi. Kwa hiyo Méthode alijiandikisha kwa mtihani wa ufundi, ule unaotolewa kwa watu waliojifunza kazi kwa kuifanya. Alijiandikisha pamoja na Damien, Mkongo wa Uvira, rafiki yake wa miaka mingi.

Hao wawili walijenga kwa uzi mmoja. Damien alinyanyua kona ya kushoto, Méthode ya kulia, na uzi ukavutwa katikati kuongoza matofali. Mmoja akichelewa, mwenzake alivuka kwenda kumnyanyulia kona yake, maana uzi haupandi upande mmoja. Miaka ya karibuni macho ya Damien yalikuwa yamechoka, na Méthode ndiye aliyevuka mara nyingi zaidi. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo.

Siku ya maelezo, watahiniwa wote waliitwa kwenye chuo cha ufundi. Wazee hao wawili, Méthode na Damien, walijua Kiingereza cha kazini: lete, beba, fanya haraka. Kiingereza cha ofisini kiliwapita. Ndiyo maana Méthode alimchukua Ariane, aliyezaliwa hapahapa na kusoma hapahapa.

"Leo wewe ndiwe mdomo wetu," Damien alimwambia.

"Na masikio pia, tonton," Ariane akajibu. Ndivyo alivyomwita, yaani mjomba kwa Kifaransa. Wakacheka.

Mwanzoni alifanya vizuri. Msimamizi wa mtihani alisema, naye akainama katikati ya wazee na kuwanong'oneza kwa Kiswahili. Kisha akamwona Murielle, msichana wa darasa lake, amesimama mlangoni na ndoo ya magwinya, maandazi ya kukaanga anayouza shangazi yake. Murielle ni Mkongo, lakini shuleni hujifanya hajui hata neno moja la kwao.

"Eish, Ariane," Murielle alimwita kwa Kiingereza. "Kumbe bado unaongea lugha ya makwerekwere?"

Wasichana wawili waliokuwa naye wakalicheka tusi hilo la wageni. Ariane alihisi masikio yakiwaka. Aliwaacha wazee, akaenda kusimama ukutani, mikono mfukoni, kama mtu aliyefika pale kwa shughuli zake. Msimamizi aliendelea kusema: kila mtu ajenge peke yake, atakayegusa kazi ya mwenzake, wote wawili wataondolewa. Ariane alisikia. Akajiambia kwamba hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, mtihani ni mtihani.

Hakufikiri kwamba baba yake hajawahi kufanya mtihani wowote. Vita vilimtoa shuleni kabla hajafika huko.

"Amesema nini mwishoni?" Méthode alimwuliza walipotoka.

"Mvae viatu vya kazi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Papa."

Mtihani ulifanyika wakati wa likizo. Ariane aliwapelekea chakula, akasimama nje ya uzio wa waya pamoja na watu wengine. Aliwaona kila mmoja akijenga kona yake, Damien hatua chache kutoka kwa baba yake. Méthode alimaliza mapema. Alipanguza mwiko, akageuka, akaona kona ya Damien imeanza kulala upande.

Ariane alijua baba yake atakalofanya kabla hajanyanyua mguu.

"Papa, usiende! Papa, hairuhusiwi!" Aliita kwa Kiswahili, mbele ya kila mtu. Mashine ya kukoroga saruji ilimeza sauti yake. Méthode alivuka kama alivyovuka maisha yake yote, akatoa tofali lililopinda, akaweka jingine, akaligonga taratibu kwa mpini wa mwiko. Damien alimsogezea saruji bila kuinua macho.

Msimamizi alifika na kuwaambia waweke zana chini, wameondolewa.

Njiani kurudi, Damien alikuwa na hasira. "Wanatunga sheria wakituona. Ile ya kutosaidiana hawakuisema."

"Hawakuisema," Méthode aliitikia. "Nilikuwa na mwanangu pale. Mwanangu angeacha kuniambia?"

Ariane alitembea nyuma yao. Walipofika kwenye robot, taa za barabarani, wakasimama kungoja, hakuweza kunyamaza tena.

"Waliisema, Papa. Nilisikia. Murielle alikuwa ananicheka, nikanyamaza."

Taa ikawa ya kijani. Watu wakavuka, wao wakabaki wamesimama. Méthode hakumpiga wala hakumfokea. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi, na jambo hilo lilimwumiza Ariane kuliko fimbo. Damien alichukua gunia lake, akaaga kwa kichwa, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata Méthode alimwambia Ariane avae. Walikwenda chuoni, na safari hii Ariane alisema yote, kwa Kiingereza kwa msimamizi na kwa Kiswahili kwa baba yake, bila kuruka kitu.

"Sheria siwezi kuifuta," msimamizi alisema. "Lakini sikuwapa mkalimani, na hilo ni kosa letu. Waje wote wawili na kundi lijalo. Hawatajiandikisha upya."

Méthode alirudi na kundi lililofuata, akajenga peke yake, akafaulu. Damien hakwenda. Kampuni haikungoja, majira ya baridi yalipoisha ilimpa toroli, na mgongo wake ukakataa. Sasa alilinda magari ya watu nje ya maduka ya Rosettenville, katika koti la rangi ya machungwa.

Jumapili moja Méthode na Ariane walimfuata huko. Damien alikishika cheti cha rafiki yake mbali na uso wake, kisha karibu, kisha mbali tena.

"Kina muhuri mzuri," alisema. "Umekuwa mwashi rasmi, mzee. Zile nyumba zote ulijenga ukiwa nani?"

Méthode alijaribu kucheka. "Njoo ujaribu na wewe. Jina lako bado lipo."

"Jina lipo, macho hayapo. Siku ile bado yaliona kidogo, ndiyo ilikuwa siku yangu."

Ariane alipiga magoti palepale kwenye lami. "Tonton, nisamehe. Ni mimi niliyekunyima siku hiyo."

Damien alimwinua kwa mkono uliojaa makovu ya saruji. Aliongoza gari moja litoke na jingine liingie, kisha akamgeukia.

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Walioniambia mimi si fundi baada ya kuwajengea mji ni watu wengine, na hao sijawasamehe. Tulikuwa tunapigana nao, mimi na baba yako, tukiwa na silaha moja tu, na silaha hiyo ilikuwa wewe." Akamfuta vumbi magotini. "Ukibeba maneno ya mtu, si yako. Usichague. Yafikishe yote, hata yanayoonekana madogo, hata kama unachekwa. Wakitutukana, tafsiri. Sisi wenyewe tutaamua la kufanya."

"Ndiyo, tonton."

Gari lingine lilikuwa linarudi nyuma. Damien aliinua mkono kulielekeza, huku akikaza macho kuona linaishia wapi.