Babu Mmoja kwa Pande Mbili

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Sindano alihakikisha kwamba mdogo wake hajatoka nje peke yake. Watu walimwita Sindano kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na maswali yake yalichoma. Mdogo wake, mwenye umri wa miaka saba, walimwita Jogoo, maana ndiye aliyeamka wa kwanza na kuwaamsha wengine kwa kugonga sufuria. Kelele za sufuria hiyo yeye mwenyewe hakuzisikia. Jogoo alikuwa kiziwi, na honi ya pikipiki haikumsaidia kitu.

Sindano hakuchoka kumlinda. Alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba kosa lilikuwa lake. Alipokuwa na miaka sita, mama alimwachia mtoto mchanga kitandani amwangalie. Akageuka kidogo kuokota mwanasesere wake, na mtoto akaanguka sakafuni. Tangu hapo, kila mteja aliyekuja kushonewa nguo na kuuliza kwa nini mtoto hasikii, mama alijibu kwamba dada yake alimwangusha. Hakusema kwa ukali. Alisema tu, mwaka baada ya mwaka, na Sindano yuko palepale anashona vifungo, anasikia kila neno.

Siku moja mwalimu wa sayansi aliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja achore ukoo wake hadi kwa mababu wa wazazi wake. Wenzake walikuwa na mashangazi na wajomba wa kujaza ukurasa. Sindano hakuwa na hata mmoja. Wazazi wake walikuwa wamemwambia kwamba ndugu zao wote walikwisha.

Alianza kwa baba, aliyekuwa kwenye karakana yake akichomelea geti. Baba aliinua kinyago cha kukinga macho, akafikiri, akasema mama yake alizaliwa na seremala mmoja ambaye msumeno ulimkata vidole viwili. Watoto wakimwomba peremende tano, mzee huyo aliwaonyesha mkono wake na kusema, "Zinazoenea hapa ni tatu tu." Baba alicheka peke yake, akarudi kwenye geti.

Jioni Sindano alimfuata mama. Mama alikuwa mjamzito wa miezi saba na cherehani ilianza kumwelemea, lakini alikuwa na sare za kumaliza. Akijibu huku akipinda ukingo wa sketi, alisema baba yake alizaliwa na seremala. Mzee wa utani sana. Alikuwa na vidole vitatu mkono mmoja, na watoto wakimwomba peremende alikuwa akisema...

"Zinazoenea hapa ni tatu tu," Sindano akammalizia.

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Alitazama karatasi iliyokuwa mapajani mwa binti yake. Mstari wa upande wa baba na mstari wa upande wa mama ilikuwa imepanda hadi kwenye kisanduku kimoja. Mama aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne.

"Andika babu mwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Mwalimu hatajua."

Sindano aliifuata ile mistari tena kichwani. Kumbe baba ni mtoto wa shangazi yake mama! Alikumbuka wateja walivyowahi kuwasema watu fulani waliooana ndugu kwa ndugu, wakitema mate kama walioonja kitu kichungu, na mama akishona kimya bila kuinua kichwa. Hakuandika babu mwingine. Alichora upya kwenye daftari, vilevile kama mwanzo.

Kesho yake familia nzima ilimpeleka Jogoo hospitali, kwa sababu daktari wa masikio alikuwa amekuja kwa siku mbili tu. Daktari huyo, mama wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio, alimpima Jogoo kwa muda mrefu. Kisha akauliza tatizo lilianza lini.

"Dada yake alimwangusha akiwa mchanga," mama alijibu, kama alivyozoea.

Daktari aliandika. Akauliza kama katika ukoo kuna mwingine asiyesikia. Mama akasema hakuna. Akauliza kama yeye na mumewe wana udugu wowote.

"Hapana," mama alisema.

 Sindano alijua kwamba mtoto hamuumbui mzazi wake mbele ya watu. Lakini alijua pia kwamba daktari anayeandika uongo hawezi kutibu ukweli. Alitoa daftari kwenye mkoba, akalifungua juu ya meza.

"Shikamoo, daktari," alisema, ingawa walikwisha kusalimiana. "Wana babu mmoja."

Mama alijifunika uso kwa mtandio. Baba alikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mtoto anasema kweli," alisema hatimaye.

Akaeleza yote. Kwao, mtoto wa mjomba ni dada yako. Walipopendana, wazee waliwakataza, na walipokaidi, ukoo uliwakana. Wakahamia mji huu, wakasema hawana ndugu. Alikuwepo pia shangazi mwingine wa mama, aliyezaliwa haongei wala hasikii, lakini hawakuwahi kumtaja.

Daktari hakuwagombeza. Alisema ziko jamii zinazokubali ndoa za binamu na ziko zinazozikataza, na kwamba wengi wa watoto wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Hata hivyo hatari ipo. Mtu anaweza kurithi kasoro na kuishi nayo maisha yake yote bila kuiona, kwa kuwa amepewa na mzazi mmoja tu. Mtoto akiipokea kwa baba na kwa mama, ndipo inapojitokeza. Watu wasio ndugu nao huweza kukutana hivyo, ila waliotoka kwa babu na bibi mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro ileile. Vipimo vitasema zaidi, aliongeza, lakini haya masikio hayakuharibiwa na sakafu.

Sindano aliuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mwanangu. Alizaliwa hivi."

Sindano hakulia. Aliyelia ni mama. Alimvuta binti yake, akamkumbatia juu ya lile tumbo kubwa, akasema alijua tangu mwanzo, moyoni alijua, na alimtwika mtoto mzigo wake kwa kuogopa maneno ya watu. Akamwomba msamaha mbele ya daktari, mbele ya baba, mbele ya Jogoo aliyekuwa akiwatazama midomo bila kuelewa.

Mwezi uliofuata Jogoo alianza shule ya watoto viziwi. Kila siku alirudi na alama mpya za mikono, akawafundisha wenzake nyumbani kwa ukali zaidi kuliko mwalimu yeyote. Baba alipokosea alama ya "chakula", alinyimwa sahani mpaka aipatie.

Mtoto wa tatu alizaliwa msichana. Alipimwa masikio kabla ya kutoka hospitali, na ilionekana kwamba naye hasikii. Mteja mmoja aliuliza, safari hii nani kamwangusha. Mama aliweka mkasi chini.

"Hakuna aliyemwangusha," alisema. "Mimi na baba yao ni binamu. Tulioana bila kuuliza wala kupima, kisha tukaficha. Kuficha kwetu kulimuumiza huyu dada yao miaka saba. Nawe una vijana nyumbani. Waambie ukoo wao ni upi, na wapime kabla ya kuoana. Aibu ya kusema hupita, lakini uongo huwaangukia watoto."

Kisha akamgeukia Sindano, akamwomba amwonyeshe tena, polepole, namna ya kumwambia mtoto kwa mikono kwamba anapendwa.