Mita Kumi na Moja

"Hiyo valvu ni yangu, dada."

"Jina lako limeandikwa wapi?"

Duka la vifaa vya ujenzi la Rispa, mjini Lodwar, lilikuwa limefurika watu. Mafundi wa mabati, wachomeleaji, vijana wa boda boda, wote walikuwa wakipiga kelele mbele ya kaunta. Katikati yao mikono miwili ilikuwa imeng'ang'ania kitu kimoja: valvu ya gesi iliyobaki peke yake dukani.

Mkono mwembamba ulikuwa wa Sylviane, mhandisi kutoka Uvira, Kongo, aliyekuwa katika mwaka wake wa tisa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alivaa kitenge cha kijani kilichomkaa sawasawa kiunoni, na chini yake, buti za fundi zenye ncha za chuma. Mkono mpana ulikuwa wa Esekon, mwenyeji wa hapo hapo Lodwar, aliyevaa shati jeupe la kampuni ya Akolong Hidrojeni na kuning'iniza kitambulisho kifuani kama mtu anayependa kionekane.

"Unaitakia nini?" Esekon akauliza.

"Niko na mtambo wa gesi ya samadi nyuma ya kichinjio cha Kakuma. Uchafu wa matumbo ya ng'ombe unawasha taa za wodi ya kujifungulia. Na weye?"

"Hidrojeni." Alilitamka kama mtu anayetaja jina la mchumba.

Sylviane akacheka. "Munavunja maji kwa umeme wa jua mupate gesi. Huku Turkana! Hidrojeni yenu inakunywa kuliko ngamia."

"Mmoja alipe, mwingine asonge!" Rispa akafoka. "Watu wanangoja!"

Esekon akaiachia valvu. "Chukua. Akina mama hawawezi kuzaa gizani. Lakini nipe namba yako. Nataka tubishane vizuri, si kwa kelele hizi."

Akapewa.

Basi wakabishana. Kila siku saa saba mchana, wakati Lodwar nzima imejificha kivulini, simu ililia.

"Ejok, mama samadi," Esekon akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi, bwana kiu. Leo mumekunywa lita ngapi?"

"Tisa tu kwa kila kilo ya hidrojeni."

"Na yale ya kupooza mitambo?"

"Ukiyajumlisha, ishirini na kitu."

"Heee! Na miti ya mathenge imejaa kila mahali, hakuna anayeinywesha. Chukua maganda yake, chachusha, pika spiriti. Watu wapate moto wa jikoni."

"Utayakusanya na nini? Na lori. Lori linakunywa dizeli. Hesabu yako ina tundu, mpenzi."

Neno lilikuwa limekwisha kumponyoka.

"Umesema nini pale mwisho?" Sylviane akauliza polepole.

"Dizeli."

"Baada ya dizeli."

Esekon akajifuta jasho. "Unajua nilichosema."

"Najua. Niko nataka kukisikia tena."

Tangu hapo Jumamosi zote zikawa za Kakuma. Esekon alishuka kwenye matatu akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na Sylviane alimpangusa kwa ncha ya kitenge chake huku akimtania. Walikula injera katika hoteli ya Wahabeshi, sahani moja, vidole vikigongana. Sylviane alimwonyesha mtambo wake, tangi la chini ya ardhi lililotoa mlio wa kububujika kama tumbo lenye njaa, na Esekon akakiri kwamba harufu yake si mbaya sana ukiwa unampenda mwenye mtambo.

Jumamosi moja Esekon hakula. Alikuwa akichanachana injera bila kuitia mdomoni.

"Una nini, chéri?"

"Kisima chetu cha majaribio." Alitazama huku na huku kabla ya kuendelea. "Maji yameshuka mita kumi na moja kwa siku arobaini."

Sylviane akaweka tonge chini. "Meneja wenu anajua?"

"Lokiru anajua. Anasema tungoje mvua."

"Na wenye mifugo?"

"Nimekwambia wewe tu, Sylviane. Tafadhali."

Wiki mbili baadaye, kamati ya nishati iliita kikao cha wazi mjini Lodwar, kusikiliza miradi inayoshindania kibali. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wahandisi walisimama mmoja baada ya mwingine: wa upepo akasifu upepo, wa mvuke wa ardhini akasema upepo hauaminiki, wa mathenge akaulizwa kama ataipanda ikiisha, watu wakaangua kicheko. Meneja Lokiru, suti ya kijivu, akaahidi kwamba hidrojeni ya Turkana itauzwa ulimwenguni.

Ndipo akasimama mama mmoja, Nakeno, shanga zimempanda shingoni hadi kidevuni. Alisema kwa Kiturkana, mkalimani akafuata.

"Mimi sijui hidrojeni. Mbuzi wangu pia hawaijui. Nyinyi mnachota pale pale tunaponywesha. Maji yamepungua au hayajapungua?"

Lokiru akamsukumia Esekon kipaza sauti. Ukumbi mzima ukamgeukia. Sylviane, aliyekuwa safu ya mbele akingoja zamu yake, akamkazia macho.

"Vipimo," Esekon akasema, "vipimo bado vinaendelea, mama."

Zamu ya Sylviane ilipofika alieleza gesi yake ya samadi kwa sauti iliyokauka, akaketi. Nje, langoni, walikutana.

"Umemtazama mama yule machoni, ukamdanganya."

"Sikudanganya. Nimesema vipimo…"

"Esekon."

"Nina mama na wadogo watano wananitegemea! Na wewe mbona hukusema? Ulikuwa na kipaza sauti mkononi!"

"Sababu siri ni yako. Itoe weye mwenyewe."

Akapanda boda boda, hakugeuka nyuma.

Ijumaa asubuhi redio ya mji ikatangaza: maji ya kisima cha majaribio yameshuka mita kumi na moja. Siku arobaini. Kila tarakimu ilikuwa mahali pake. Esekon akaizima redio. Akampigia Sylviane hapo hapo.

"Umeniuza."

"Nini?"

"Nilikwambia wewe peke yako! Kama ulitaka samadi yako ishinde, ungenishinda kwa hoja, si kwa kunichoma mgongoni!"

Sylviane akasema, taratibu, "Umenipigia kuniuliza ao kuniambia?"

"Nikuulize nini tena?"

"Basi." Simu ikakatika. Alipopiga tena, akakuta namba yake imefungiwa.

Jumatatu Lokiru alimwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na karatasi moja na kalamu.

"Mji huu ni mdogo, Esekon. Tunajua unakula na nani Kakuma." Akamsogezea karatasi. "Saini. Kwamba takwimu zile ni za uongo, zimetungwa na mkimbizi anayeshindana nasi. Ukisaini, wewe ndiye mkuu wa mradi. Usiposaini, acha kitambulisho hapo."

"Mtamfanya nini?"

"Sisi? Hatufanyi kitu. Lakini ukishaitwa mwongo mbele ya kamati, nani atakupa tena kibali cha mtambo?"

Esekon aliisoma karatasi mara mbili. Alikuwa bado na hasira na Sylviane, hasira ya kutosha kuandika jina lake mara kumi. Aliishika kalamu. Akamkumbuka Nakeno akiuliza swali lake, mikono imekunjwa juu ya fimbo, akingoja ukweli kutoka kwa mtoto wa nyumbani. Akaiweka kalamu chini, akavua kitambulisho shingoni, akakilaza juu ya karatasi.

"Nilimwona mzee Ekwam akipima kisima," alisema. "Ni mita kumi na moja."

Akatoka.

Jioni ile Ekwam mwenyewe, fundi mzee wa visima, akamfuata nyumbani. Alikataa kiti.

"Injinia, ni mimi nilipigia redio. Maji imeshuka, mimi nilipima na mkono yangu. Nakeno ni dada ya mama yangu. Ningemwangalia aje?" Akakohoa. "Nasikia ofisini wanasema ni ule msichana wa Kakuma. Yeye hakusema kitu."

Esekon akakaa chini pale pale kwenye mchanga.

Alimpigia Sylviane kwa simu ya jirani, kisha kwa simu ya kinyozi. Sylviane akisikia sauti yake tu, alikata. Alhamisi kikao kiliporudi, kiti cha Sylviane kilikuwa kitupu. Esekon alisimama bila kitambulisho, akavisoma vipimo vyote, siku baada ya siku. Lokiru akaruka juu akisema huyu ni mfanyakazi aliyefukuzwa, ana kinyongo. Ekwam akasimama na daftari lake la kisima, akalifungua mbele ya kamati. Kabla ya saa sita mwenyekiti akatangaza mradi umesimamishwa hadi wapimaji wengine waje.

Mlangoni Nakeno alimsimamisha Esekon. Alimtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wanavyobariki, akaenda zake.

Jumamosi alifika Kakuma. Sylviane alikuwa ameketi mlangoni kwao, nyuma yake pazia la maua, akisugua mabomba. Hakuinua uso.

"Nimejua ni nani," Esekon akasema. "Ekwam."

"Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba si mimi."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Unakuja sasa, ukweli umeshajulikana. Hiyo ni rahisi." Akaendelea kusugua. "Nimesikia ulikataa kusaini. Siku ile ulikuwa unajua si mimi?"

"Hapana."

"Basi ulikataa kwa ajili yangu, ao kwa ajili ya maji?"

Jasho lilimtiririka. Jibu tamu lilikuwa ulimini, tayari.

"Kwa ajili ya maji," akasema. "Wewe nilikuwa bado nimekukasirikia."

Mikono ya Sylviane ikasimama. Mara akaangua kicheko, na kicheko kikageuka machozi, akajifuta kwa mgongo wa mkono wenye masizi.

"Ungesema ni kwa ajili yangu, ningekufukuza na bomba hili."

"Sina kazi, Sylviane. Sina cha kukuahidi. Lakini nataka kukuoa."

"Siku nyingine ukinishuku, utaniuliza kwanza?"

"Nitakuuliza."

"Na utanyamaza mpaka nimalize kujibu?"

Esekon akanyamaza kimya, akitikisa kichwa kukubali.

"Basi mimi nimekubali. Lakini bado mama. Yuko nyuma ya pazia, amesikia yote."

Pazia likafunguka. Mama Élisabeth akatoka, kanga begani, akamtazama Esekon kutoka viatu vyake vilivyojaa vumbi hadi utosini, bila haraka.

"Ingia, mukwe," akasema. "Jua litakumaliza hapo inje."