Kompyuta Iliyonyamaza

Kila siku baada ya masomo, Kiherehere na Kobe walifagia chumba cha kompyuta, wakafuta vumbi na kuwasha mashine. Majina hayo walipewa na wenzao darasani, na kwa kweli yaliwakaa sawasawa.

Kompyuta zile zilitumia mfumo huria, yaani mfumo ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili na kuubadilisha. Waundaji wake walitoa matoleo mapya kila kukicha, na hapo ndipo marafiki hawa walipokuwa wakigombana.

"Toleo jipya linawaka upesi," alisema Kiherehere. "Tutabaki nyuma kama mkia mpaka lini?"

"Mkia ndio unaofukuza nzi," Kobe akamjibu. "Mwalimu alisema kila kitu kipya kijaribiwe kwanza kwenye mashine ya pembeni, mpaka wote wanaotumia chumba hiki waridhike."

Kiherehere hakuwa na subira hiyo. Kobe alipotoka kwenda kutupa taka, yeye akaweka toleo jipya kwenye mashine zote. Zikawaka kufumba na kufumbua, naye akafurahi kweli.

Mara akaingia mwanafunzi mwenzao, Mshairi, akipapasa ukuta. Mshairi haoni, na kompyuta humsomea kwa sauti. Kesho yake alikuwa na mtihani, na maelezo yake yote yalikuwa humo. Akavaa visikilizio, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Leo hainisemeshi," alisema taratibu. "Sijui nimekosea wapi."

Kiherehere akatambua kwamba toleo jipya ndilo lililoizima sauti. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona. Lakini kumwacha mwenzake ajilaumu bure kulimshinda.

"Hujakosea wewe," alisema. "Nimekosea mimi. Nimebadilisha mfumo bila kuuliza."

Kobe aliporudi na kusikia yaliyotokea, Kiherehere alijiandaa kusimangwa. Lakini Kobe alifungua droo akatoa flashi yenye toleo la zamani. "Vuta kiti," alisema. "Tuanze na ya Mshairi."

Kazi iliwachukua muda, lakini hatimaye Mshairi akatabasamu. "Haya, inaongea," alisema, akainamia masomo yake.

Mwalimu alipopita, Kiherehere alimweleza yote kabla hajaulizwa.

"Umefanya vizuri kusema," alisema Mwalimu. "Kupenda kipya si kosa, mwanangu. Tungemwachia Kobe, hadi leo tungekuwa tunaandika kwa mkaa ukutani." Kobe akacheka akitazama chini. "Lakini chumba hiki ni cha wote. Ukitaka kubadilisha kitu cha wengi, muulize kwanza yule atakayeumia kikiharibika."

Wiki iliyofuata, toleo jipya liliwekwa kwenye mashine ya pembeni tu, na wa kwanza kuketi mbele yake alikuwa Mshairi. Akavaa visikilizio, akasikiliza.

"Bado," alisema.

Kiherehere akavuta kiti, akawaandikia waundaji kuwaeleza kwamba sauti haitoki. Kisha akakaa kungoja, na safari hii hakunung'unika.