Mchezo Usio na Picha

Abubakary alikutwa amelala kifudifudi kati ya meza na ukuta, Jumatatu saa moja asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu huko Mchafukoge. Dada yake Fatuma ndiye aliyemkuta. Alikuwa amemletea vitumbua. Vilikuwa bado vimemwagika mlangoni, na sisimizi walishapata habari.

Inspekta Winifrida aliviruka, akaingia, akasimama. Hakugusa kitu.

"Samson, unaona nini?"

Koplo Samson aliinama. "Kapigwa kisogoni, afande. Mara moja tu. Damu ukutani, damu sakafuni."

"Na kingine?"

"Chumba kisafi."

Ndiyo hapo sasa. Kilikuwa kisafi mno, jamani. Viti viwili vilisukumwa chini ya meza vikalingana kama wanafunzi mstarini. Kwenye rafu ndefu kulipangwa vitu vya ajabu ajabu: kinu kidogo, kipande cha bati, kengele ya baiskeli, kopo la mawe, na mwisho kabisa, pasi ya mkaa. Samson alivaa glovu, akaigeuza pasi. Chini yake kulikuwa na damu na nywele.

"Kaua, halafu karudisha silaha kwenye rafu," alinong'ona. "Huyu mwendawazimu?"

Meza nayo ilifutwa ikang'aa, na kitambaa kikakunjwa mara nne pembeni yake. Lakini hatua moja tu kutoka hapo, damu ilitiririka ukutani hadi chini, wala haikuguswa. Daktari alikadiria kifo kilitokea Jumapili alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Dirisha lilitazama magharibi. Saa hizo jua hujaa humo ndani, kwa hiyo hakukuwa na giza la kusingizia. Kompyuta ipo, simu ipo, pochi ipo.

Haya, tegua basi: nani huyo, mchana kweupe, anayefuta meza na kuacha ukuta?

Fatuma alihojiwa kwenye korido, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Marehemu alifanya kazi gani?"

"Fundi wa michezo ya kompyuta."

"Ile ya kupigana?"

"Hapana, afande. Hiyo makampuni yameijaza dunia. Wa kwake hauna picha hata moja. Unaweka spika masikioni, unatembea Kariakoo kwa kusikia; vile vitu vya rafuni ndivyo alivyorekodia sauti. Ukifika kwenye mlango unategwa kitendawili. Hana honi, hana injini, mwenye gari anampisha."

"Mkokoteni," alisema Winifrida.

"Umepita." Fatuma alitaka kutabasamu, midomo ikakataa.

"Sasa nani anacheza mchezo usio na picha?"

"Wasioona. Hakuna kampuni inayowatengenezea, basi wakaunda kamati kama ya harusi. Kundi la simu, ahadi, mwenyekiti. Watu mia mbili na kumi na nne, mikoa kumi na moja. Mwenye buku, mwenye elfu tano. Mwaka wa tatu huu."

Simu ya marehemu, ndani ya mfuko wa vielelezo, iliingiwa na ujumbe wa sauti, Samson akaubonyeza. Sauti ya bibi kizee, imechoka: "Abuu mwanangu, ni mimi wa Kigoma. Mchezo wetu lini? Nisije nikafa sijafika Kariakoo."

Fatuma alijifunika uso kwa mtandio.

"Mwenyekiti ni nani?" Winifrida aliuliza, polepole.

"Mzee Leodegar. Aliuza mchele wa jumla Msimbazi mpaka presha ya macho ilipompofusha. Ndiye aliyemfundisha kaka kusikia soko. Walikuwa kama baba na mwana."

Kwenye simu hiyo kulikuwa na namba iliyopiga mara nyingi Jumamosi. Ilikuwa ya Rogath, mwenye duka la simu mtaa wa pili, na Winifrida akamfuata huko.

"Ulikuwa na ugomvi naye?"

"Ugomvi wa nini, afande? Jumamosi nilimpa milioni sita."

"Za nini?"

"Aweke picha. Na bunduki kidogo. Biashara gani ile ya gizani? Akakubali. Tena alilia kwa furaha, maskini."

"Na wale waliochanga?"

"Alisema watasubiri. Mwakani, pengine."

"Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Harusini kwa mdogo wangu. Watu mia tatu na video."

Samson alikwenda kuitazama ile video. Rogath alikuwemo tangu saa nane, anacheza vibaya.

Jumatano majibu ya maabara yalifika. Kitambaa kilikuwa na chai na sukari. Damu, hata tone moja hakuna.

Winifrida alisoma mara mbili, akaiweka karatasi chini. Mtu huyo hakuacha ukuta kwa uvivu. Hakuuona. Alipapasa kwa kiganja, akakuta mezani pamelowa, akapafuta. Inspekta alitamani kwa moyo wote ile video ya harusi iwe ya uongo.

Hata kumtafuta hakukuhitajika. Mchana ule ule Mzee Leodegar aliingia kituoni na fimbo yake nyeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia kompyuta, kama iko salama. Watu wananiuliza."

Winifrida alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Juu ya pindo la suruali yake ya kaki, mguu wa kulia, kulikuwa na madoa makavu ya rangi ya kutu.

Alimkalisha, akamweleza haki zake: halazimiki kusema neno, na atakalosema litaandikwa na kupelekwa mahakamani. Mzee alikubali kwa kichwa.

"Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Mke wangu yuko kaburini Rombo. Na nani tena?"

"Pasi ya mkaa ya Abuu hukaa wapi?"

"Mwisho wa rafu, kulia, baada ya kopo la mawe."

"Aliyemuua aliirudisha hapo hapo."

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha akasema, "Vitu virudishwe mahali pake, afande. Mwenye macho akiacha kiti katikati, ni mimi ninayevunjika meno."

"Mezani ulifuta nini?"

"Damu."

Kalamu ya Samson ilisimama.

"Ilikuwa chai, mzee wangu."

Leodegar aliinua uso kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Ilikuwa inanata," alisema. "Sukari. Alipenda sukari nyingi."

Ndipo yalipotoka yote, bila kuvutwa.

"Jumapili aliniita, sauti imejaa furaha. Nikajua mchezo umekwisha. Nilipanda zile ngazi nacheka peke yangu. Akanimiminia chai. Akaniambia kuna tajiri, anaweka picha kwanza, sisi tusubiri. Nikamwambia, Abuu, bibi wa Kigoma ana miaka themanini. Nitawaambia nini watu? Ni mimi niliyewaomba, jina langu ndilo waliloliamini. Hakunisikia. Akawasha mashine. Akasema, 'Mzee, hebu tazama ilivyopendeza.'"

Aliizungusha fimbo mkononi.

"Hebu tazama. Miaka mitatu tumeshikana mikono sokoni, akasahau. Aliinama kwenye mashine yake. Nikanyoosha mkono kwenye rafu."

"Halafu?"

"Nikamwita. Abuu, Abuu. Nikafuta, nikapanga viti, nikashuka."

"Ungeita watu."

"Ningeita."

Mzee akauliza, "Damu ilikuwa wapi basi?"

"Ukutani na sakafuni. Na kwenye suruali yako, mguu wa kulia."

Mkono wa mzee ulishuka, ukapapasa. "Hii nimeivaa tangu Jumapili. Nimepita nayo Kariakoo nzima. Jana nimekaa nayo kwenye jumuiya, kwenye sala." Alitikisa kichwa. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia."

"Kompyuta iko salama," Winifrida alisema. "Sauti zote zimo. Ila fundi wetu anasema hawezi kuziunga."

"Hakuna anayeweza. Alikuwa yeye peke yake."

Maelezo yalisomwa kwa sauti, na mzee akayatia dole gumba. Samson alimfungulia mlango wa mahabusu, akataka kumshika kiwiko. Leodegar akajitoa.

"Hatua ngapi?"

"Kumi na moja, mzee."

Alizitembea mwenyewe, akaingia, akasimama katikati, mikono imenyooka mbele.

"Afande," aliita, "niambie tu, ndoo ya haja iko upande gani?"